Chatu Jike wa Gramu Sitini na Nane

Ijumaa, 12 Januari

Kiti cha dirishani leo. Saa nne na nusu za mashine ya kusafisha damu, kama kawaida. Kiti cha Bwana Mulyadi kitupu tangu Jumanne. Sikuuliza. Hapa hatuulizi — muuguzi akitandika shuka mpya, umeshajibiwa.

Nimetazama chatu kwenye simu mpaka macho yakauma. Si wale wa mashambani wanaomeza mbuzi. Hawa wadogo, asili yao Afrika Magharibi, ambao wakiogopa hujiviringa donge, kichwa katikati, kama mpira. Chatu-mpira. Siku hizi hapa mjini Malang wamejaa, kila Jumapili vijana wanawavaa shingoni uwanjani kama skafu. Anakula mara moja kwa juma. Habweki. Siku ninayorudi kutoka mashineni hata kuvua viatu siwezi, naye hatanidai chochote.

Na nataka wa kuzalisha baadaye. Haya, nimeliandika. Miaka kumi na minne nimechonga meno ya bandia. Sasa mikono inatetemeka, jino la mtu linatoka kama punje ya mahindi. Mtu anahitaji kuwa na kitu kinachoongezeka. Hasa yule ambaye mwenyewe anapungua.

Dada sijamwambia.

Jumapili, 14 Januari

Nimemwambia. Dada Lastri alikuwa anakaanga tempe, vile vipande vya soya, hakugeuka. Akasema siku nyoka atakapoingia kwa mlango wa mbele, yeye atatoka kwa mlango wa nyuma. Kisha akakumbuka nyumba hii haina mlango wa nyuma. Akasema basi, atatokea dirishani, na majirani waone.

Halafu, akiwa bado kanipa mgongo, akatoa lake. Alikwenda hospitali bila kuniambia. Damu zetu zinalingana. Imebaki picha ya tumbo na vipimo viwili vitatu, wakikubali, atanipa figo moja.

Kuna maneno ambayo mtu huyasubiri miaka, yakija humkuta mdomo mkavu. Nikala tempe isiyo na chumvi. Nikanyonya kipande changu cha barafu, ndiyo maji ninayoruhusiwa.

Ugonjwa huu ni wa mama. Vifuko vya maji kwenye figo, vinazaana kama zabibu kwenye kishada, mpaka figo yenyewe haionekani. Alikufa na miaka hamsini na moja. Mtoto wa mgonjwa ana nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Mimi yangu iliangukia upande huu. Nilimweleza mchumba wangu Ratih kabla ya harusi. Harusi haikuwepo.

Dada hajawahi kuugua. Ana miaka arobaini na minne na anabeba mtungi wa gesi kama anabeba kikapu cha nguo. Kwa hiyo natumaini. Sitaki, lakini natumaini.

Jumatano, 17 Januari

Nimepanda hadi Batu, mlimani, kwa pikipiki ya dada. Baridi! Meno yaligongana njia nzima.

Mfugaji wa chatu mwenyewe ni mama mtu mzima, Mama Ningrum. Mkunga. Mbele ni chumba cha wajawazito, nyuma ni nyoka, katikati pazia la maua. Kila kitu kina mizani. Nilikuta anampima mtoto mchanga wa mtu, akanawa mikono, akaja kumpima chatu. Alipoona ninashangaa, akasema wote wanapimwa kwa gramu, na wote wanatia wasiwasi wakigoma kula.

Akaniuliza nataka kufuga au kuzalisha. Nikasema kufuga sasa, kuzalisha baadaye. Akavuta stuli.

“Basi wa kwanza awe jike,” alisema. “Dume unampata wakati wowote, mwaka mmoja tu yuko tayari. Jike utamlisha miaka mitatu, pengine minne, mpaka afike kilo moja na nusu, ndipo akupe yai. Ukianza na dume utakaa na bwana harusi asiye na bibi.”

Akanifunza kutazama. Macho maangavu. Uti wa mgongo usio na kigongo. Pumzi isiyo na mlio. Zaidi ya yote, kadi ya droo: amekula mara ngapi, lini, nini. Watu wananunua rangi, akasema. Wewe nunua mlaji.

Kisha akafungua droo ya chini, akanionyesha mmoja mzuri kuliko wote. Njano, na michirizi myeusi myembamba kama utando. Wanamwita Buibui. Nikamshika. Kichwa kikawa kinapepesuka, kinatafuta juu kikaenda chini, kama mlevi anayetafuta kitasa cha mlango.

Nikauliza kama anaumwa. Akasema wote wa sura hii wako hivyo, ni ya damu, haitibiki. Na nusu ya watoto wao pia.

“Unawazalisha?”

“Niliwazalisha. Nikaacha.”

Nikasema ukiacha, ukoo wao si unaishia hapo. Nilitaka sauti iwe ya kawaida.

“Basi uishie,” alisema, akafunga droo.

Niliaga nikasema nitafikiri. Nilishuka Batu sihisi hata baridi.

Ijumaa, 19 Januari

Mashine. Kwenye kiti cha Bwana Mulyadi amekaa msichana. Analia bila sauti. Nilitaka kumwambia mwezi wa kwanza ndio mgumu. Si kweli.

Jumamosi, 27 Januari

Nimerudi Batu. Nimechagua — nilidhani nimechagua. Jike mdogo, ametotolewa Oktoba, amekula mara sita bila kukosa. Rangi ya kawaida kabisa, kahawia na nyeusi. Ukimweka kwenye majani makavu humwoni. Lakini baba yake ni wa mabaka meupe, meupe kama maziwa. Weupe huo anao ndani, umejificha. Kwake mwenyewe hautaonekana kamwe. Akikutana na dume mwenye mabaka, nusu ya mayai yatatoa watoto weupe. Mama Ningrum ananichorea kwenye karatasi ya kliniki, visanduku vinne, na mimi naelewa haraka kuliko alivyotarajia. Visanduku hivyo nilichorewa zamani, na daktari.

Nikapandisha mkono wa shati nimshike vizuri. Ndipo akauona mkono wangu. Mshipa uliounganishwa kwa ajili ya sindano — umevimba, unatembea chini ya ngozi kama kamba. Ukiweka kidole unavuma. Yeye ni mkunga. Hakuhitaji kuweka kidole.

Alimchukua mdogo mikononi mwangu, akamrudisha kwenye droo yake. Akaenda droo ya juu, akatoa jike mkubwa, mnene, kilo moja na gramu mia saba. Alishataga mara moja, mayai saba.

“Mchukue huyu, mwanangu,” alisema. “Huyu utamwona na mayai mwaka huu huu.”

Mara zote alikuwa akiniita kaka. Leo mwanangu.

Nikamshukuru. Nikasema nimesahau pochi. Pochi ilikuwa mfukoni, imetuna, na yeye anaiona. Akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki, akanipa matufaha mawili. Kwa figo hizi, matufaha hayo sina ruhusa kuyala yote.

Hakuna daktari aliyewahi kuniambia waziwazi hivyo.

Alhamisi, 8 Februari

Picha ya tumbo ya dada.

Nilikaa naye kwenye benchi. Daktari alitoka mwenyewe — nikajua. Huwa anamtuma muuguzi. Akatuketisha, akageuza kioo cha kompyuta. Sikuhitaji kuelezwa. Nimezitazama picha za tumbo langu miaka sita. Zile duara nyeusi. Kishada cha zabibu.

Si nyingi bado, alisema daktari. Figo zinafanya kazi. Apunguze chumvi, apime presha, arudi kila miezi sita. Kuhusu kutoa figo, akatikisa kichwa tu.

Dada alikuwa anakunja na kukunjua risiti ya maegesho. Swali lake lilikuwa moja.

“Na Gendis?”

Binti yake. Miaka kumi na tisa, anasoma Surabaya, anataka kuwa mhandisi wa madaraja. Daktari akasema nusu kwa nusu. Akasema asilazimishwe kupima, aamue mwenyewe, lakini aambiwe.

Njia nzima dada aliendesha pikipiki polepole kama amebeba mayai. Mabango ya wagombea yamejaa barabarani, wote wanacheka. Tulipofika akanipikia wali, akakaa asile. Nikamwomba radhi. Akauliza ya nini. Ya kuipokea figo yake moyoni kabla haijawa yangu, labda. Wiki tatu nilitembea nikiihesabu mwilini mwangu.

Sasa hakuna. Naandika neno hilo nilione. Hakuna.

Jumamosi, 10 Februari

Asubuhi dada alisimama mlangoni na kofia mbili za pikipiki. Akasema twende huko kwa nyoka wako. Nikasema sitaki tena. Akasema hajaniuliza.

Kwa Mama Ningrum alisimama karibu na pazia, mikono kifuani. Mama Ningrum akatoa jike mkubwa. Dada akamtazama kwa mbali, akauliza yule mwingine yuko wapi, yule niliyemtaja usingizini. Sijui kama kweli nilimtaja. Akatolewa mdogo. Akawekwa kwenye mizani, akajiviringa donge. Gramu sitini na nane.

Dada akauliza huyu atachukua muda gani. Akaambiwa miaka mitatu, minne.

Chumba cha mbele mtoto wa mtu analia.

“Na mlezi akibadilika katikati,” dada aliuliza, “atajua?”

Mama Ningrum alimtazama dada, akanitazama mimi, akarudi kwake. Sijui aliona nini. Mtu aliyezalisha watoto elfu huona.

“Huyu hajui mtu,” alisema. “Anajua joto, giza, na panya. Akivipata, basi.”

Dada akasema tunamchukua huyo. Akanyoosha kidole kimoja, akamgusa nacho chatu mgongoni, akakirudisha haraka kama amegusa pasi. Akakitazama kidole. Njiani kurudi boksi lilikuwa katikati yetu, mgongoni kwake na kifuani kwangu.

Sikufurahi. Nataka niandike ukweli. Nilikuwa nawaza: sisi wawili ndio walezi wake, na sote tumeandikwa ugonjwa ule ule.

Jumanne, 20 Februari

Amegoma. Tulimwacha siku saba azoee kama tulivyoagizwa, kisha panya mdogo aliyeyeyushwa barafu, akapashwa kwenye maji moto, kwenye koleo. Akageuza uso. Mara ya pili, vivyo hivyo. Mama Ningrum kwenye simu anasema kuhama kunawashtua, punguza mwanga, usimshikeshike. Nimekaa mashineni nikiwaza droo ya plastiki. Muuguzi kasema presha yangu imepanda.

Gramu sitini na tatu.

Jumapili, 25 Februari

Gramu sitini na moja. Ngozi imeanza kukunjika ubavuni. Mkeka wa joto nimeupima mara tatu. Droo nimeifunika taulo jeusi. Dada amepunguza chumvi hadi chakula hakina jina. Tunakula kimya, sote wawili sasa, chakula kimoja cha hospitali.

Nilimuuliza lini atamwambia Gendis. Akasema mitihani ikiisha. Mitihani iliisha juma lililopita.

Ijumaa, 1 Machi

Mashine. Yule msichana leo hayupo. Shuka mpya.

Jumamosi, 2 Machi

Gendis amekuja bila taarifa, basi la asubuhi. Amekonda, amekata nywele. Akasalimu, akaonja supu, akauliza kwa nini siku hizi nyumba hii inapika kama nyumba ya wafungwa. Dada akasema ni kwa ajili ya mjomba wako Tunggul. Mimi nikainamia sahani.

Baada ya chakula akataka kumwona nyoka. Nikafunua taulo. Yeye haogopi kitu, alimchukua akamweka kiganjani, akasema mbona mwepesi hivi. Dada alikuwa amesimama na koleo na panya, jaribio la tano. Sasa yeye ndiye hulisha. Mikono yangu inatetemesha koleo na chatu anaogopa.

Gendis akauliza kwa nini tumechagua huyu asiye na rangi. Nikamweleza. Nilifurahi kueleza, mjinga mimi. Nikachukua kalamu, nikachora visanduku vinne nyuma ya bahasha. Weupe wa baba uko humu, umejificha. Anaubeba lakini haumdhuru, hauonekani, mpaka akutane na mwenye nao. Gendis anashika hesabu upesi. Alitazama visanduku muda mrefu. Kisha akachukua kalamu mkononi mwangu, akachora vingine vinne pembeni. Viwili akavipaka wino.

“Na isiyojificha,” alisema, “ni hivi. Sivyo, mjomba? Kama ya bibi. Kama yako.”

Nikasema ndivyo.

“Kwa mama haipo. Mama si alipima ili akupe figo?”

Sikumwambia mimi habari ya kupima. Sijui kaisikia kwa nani. Nikamtazama dada. Dada aliweka koleo kwenye sahani, panya na yote, akajifuta mikono kwenye gauni. Mara mbili. Akaniomba niwachemshie chai.

Naandika haya jikoni, mgongo ukutani. Maji yamechemka zamani, sizimi jiko, wasisikie nimemaliza. Chatu kabaki mkononi kwa Gendis, hakuna aliyekumbuka kumrudisha.

Dada amesema, “Kaa chini, mwanangu.”

Gendis amesema ameshakaa.