Viluwiluwi Walionishinda

Mjukuu wangu Akello,

Huku Naguru tu wazima, ila mapacha wa dadako wameota meno, wanamuuma kila mgeni. Umeuliza kama zamani viluwiluwi, hao watoto wa chura unaowachunguza chuoni, walikimbia kivuli. Wee! Pale kambi ya polisi nilikokulia, sisi watoto tuliwavizia kwa kofia ya kipolisi ya baba, tukaambulia tope na viboko.

Jana nilijaribu tena, kwenye mtaro uliojaa kaveera, mifuko ya plastiki, iliyosagika ikawa punje. Nikachota watatu papo hapo. Hawakushtuka hata kidogo. Sikufurahi; plastiki hiyo imewapumbaza hata adui hawamkimbii. Nikashuka chemchemini, kwenye maji safi, nikainama na kikombe. Kivuli changu kilipowafikia tu, wote wakatoweka! Nilicheka mpaka wachota maji wakaniuliza nimepata nini.

“Sijapata hata mmoja!”

Jaja yako, mwenye kikombe kitupu