Kwa Koku, Uliyeingia Ukumbini Bila Mimi

Koku,

Dua nakuombea kila baada ya swala, hilo lisikutie shaka. Ila leo sikuandikii dua. Nakuandikia kukugombeza, maana tangu ufe hakuna anayeniruhusu. Nikifungua tu mdomo naambiwa marehemu hasemwi vibaya. Haya, hasemwi. Lakini sijasikia popote kwamba haandikiwi.

Jumamosi naenda Kisesa, anakoishi sasa mama yako. Ameniita mwenyewe. Anataka nimweleze miaka yako ya mwisho: tulikuwa tunaongea nini mimi na wewe, ulikuwa unacheka nini, ulilalamika nini. Sasa niambie, mwenzangu, nitamweleza nini mama wa watu? Miaka tisa sijasema na wewe hata neno moja. Wewe ulikuwa Sengerema, mimi hapa Mirongo nilikozaliwa, katikati kivuko kimoja tu cha Kigongo, na hatukusemezana. Na mama yako hajui! Miaka tisa yote hukumwambia kwamba tumegombana. Kila akiniulizia unamjibu, "Zuhura mzima, anakusalimu." Salamu gani, Koku? Nilikutuma lini?

Ngoja nianzie chuo cha ualimu. Nikianzia mwisho nitalia, na hapa mbele yangu kuna madaftari ya darasa la pili sijayagusa.

Chuoni ulinikera tangu siku ya kwanza. Ulikuta nimeshatandika kitanda cha chini, ukaniambia wewe unaogopa kuanguka, nikapanda juu kama mjinga. Baadaye nikakuona unaparamia mti wa zambarau nyuma ya bwalo hadi kileleni. Ndoo yangu ya bluu ukaifanya ya kulowekea sketi zako. Senene zako, wale panzi wa kukaanga kutoka Muleba, ukazificha chini ya mto, chumba kizima kikanuka, matroni alipouliza ukanyamaza na mimi ndiye nikafagia korido wiki nzima. Nikikuuliza unacheka. Ulikuwa na kile kicheko chako cha kupiga mapaja, mtu anakuja na hasira zake zote na anaondoka hajui alichokuwa anadai.

Halafu ikaja ile tamthilia ya Kifilipino kwenye televisheni ya bwalo. Jamani! Wasichana sitini tumekaa juu ya meza, dada wa watu analia kwenye mvua, sisi tunalia naye, na matroni saa ya kujisomea ikifika anazima palepale, hata kama mtu ndio kwanza anachumbiwa. Lakini wewe na mimi hatukuwa na shida sana na tamthilia. Sisi tulitaka nyimbo. Jumamosi moja tukashuka sokoni Makoroboi, yule kaka wa kibanda cha kuchoma CD akatuwekea nyimbo kumi na nne za Kifilipino kwenye CD moja, akatuuliza, "Mnaelewa wanachosema?" Ukamjibu, "Kaka, mapenzi hayana tafsiri." Nilitamani ardhi inimeze.

Unalikumbuka lile kaunta buku la nyimbo? Wewe unasikiliza, mimi naandika. Mstari mmoja tunaurudia mara ishirini. Tunabishana kabisa, kununiana kwa kweli, wakati wote wawili hatujui Kifilipino hata cha kuombea maji. Ile ng' yao ilikuwa haitusumbui, ni ileile ya ng'ombe, tukawa tunajiona wenyeji wa huko. Muhula wa pili tulikuwa tunaimba nyimbo tisa bila kutazama karatasi, mimi juu, wewe chini, na mabinti wa chumba cha pili wanagonga ukuta tunyamaze.

Na hata huko kwenye nyimbo ulinidhulumu. Nani aliyechukua ile sauti ya wimbo wa nne na kuitia silabi, ba be bi bo bu, ili wafundishwe watoto wa darasa la kwanza? Mimi. Nilikuimbia wewe tu, tukiwa tunafua. Mazoezi ya kufundisha yakafika, wewe ukakaguliwa Jumatatu, mimi Jumatano. Naanza kuimba mbele ya mkaguzi, watoto wanaitikia vizuri, moyo wangu umejaa. Mkaguzi akaniita pembeni: "Mwalimu, ubunifu ni wako mwenyewe, usiige wenzako." Wallahi sikukusemesha siku nne. Siku ya tano ukaja na sambusa kwenye gazeti, ukapiga magoti mlangoni watu wote wanaona, ukasema, "Zu, nilitetemeka, kichwani kilibaki kitu chako tu." Nikala sambusa. Yakaisha.

Naona nilizoea hivyo. Unanikosea, nanuna, unakuja, yanaisha. Kuja ilikuwa kazi yako.

Sasa ile ahadi. Tulikuwa tunaanika nguo kwenye kamba nyuma ya bweni, CD inaimba kwenye redio ya jirani, ukaniambia, "Nikiolewa, wewe ndiye msimamizi wangu. Tunaingia ukumbini na wimbo huu, mimi na wewe, hatua kwa hatua." Nami nikakuahidi ukae mkekani pembeni yangu siku ya nikaha yangu, unishike mkono mpaka shehe amalize. Tulikuwa na miaka ishirini. Mkatoliki wa Muleba na Muislamu wa Mirongo, tunagawana vyeo vya harusi kama tunagawana maandazi. Hatukuwaza kabisa kwamba kuna wenye mamlaka na mambo hayo. Kwetu Mirongo Krismasi tunapelekewa pilau, Idi tunapeleka sisi. Ningewaza vipi?

Ingawa dalili nilikuwa nimeiona. Wanakwaya wenzako walinipenda sauti, nikafanya nao mazoezi mwezi mzima kwa ajili ya misa ya mahafali. Siku mbili kabla wakaniambia kuimba misani ni kwa waumini wao, ukweni hapaingiliki hivyohivyo, mimi nikae na wageni. Ni haki yao, leo naelewa. Siku ile sikuelewa. Nikakugeukia wewe, ambaye hukuwa na kosa, nikakwambia kwa mdomo wangu huu, "Siku nyingine ukija kunikataza jambo kwa sababu ya dini yangu, usinijue tena." Hukucheka siku hiyo. Uliendelea kupiga pasi.

Miaka miwili baadaye nikapata kadi ya harusi yako. Nikasubiri unipigie uniambie rangi ya gauni. Kimya. Nikasema labda shughuli zimemzidi. Nikashona kabisa gauni la bluu kwa kubahatisha, Koku. Nikafika ukumbini, nikaonyeshwa meza ya karibu na mlango wa jikoni. Mshereheshaji akatangaza bibi harusi anaingia, na ule wimbo wetu wa Kifilipino ukaanza. Ule wetu hasa! Na pembeni yako, hatua kwa hatua, wifi yako Editha. Nilishika soda yangu mpaka ikawa ya moto. Keki haijakatwa nilikuwa nimeshaondoka.

Ulipiga simu siku zilizofuata, sikupokea. Ulikuja nyumbani, nikamtuma mdogo wangu aseme nimesafiri. Nilikuwa chumbani nasikia unavyomsalimia mama, "Shikamoo mama," na mama, maskini, anakukaribisha chai. Ukanywa, ukaniachia samahani, ukaondoka. Hukusema sababu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: hata ulipokuja hukuja na sababu, ulikuja na samahani tu.

Sababu nimeipata kwenye foleni ya kivuko Kigongo, wewe ukiwa ndani ya jeneza.

Tulikuwa tunakupeleka Muleba kwa wakwe zako kukuzika. Gari lenye mwili limewekwa mbele, sisi tumeshuka kwenye basi tunasubiri zamu, jua kali, kinamama wanauza samaki wa kukaanga kana kwamba hakuna msiba. Editha akaja akasimama karibu yangu. Nilitaka kuhama. Akaniambia, "Dada Zuhura, najua unanichukia. Mimi sikuomba kusimama siku ile." Akanieleza kwamba padri alisema msimamizi awe Mkatoliki, na awe kwenye ndoa ya kanisani. Kwamba wewe ulilia ofisini kwa padri mpaka ukapewa maji. Kwamba walikushauri unieleze ukweli, ukasema, "Huyo nikimwambia ni kwa sababu ya dini, ananiacha moja kwa moja. Afadhali anione nimemsahau, atanuna, yataisha." Na ule wimbo uliuomba wewe, ili nikiusikia nijue hujanisahau.

Ala! Kweli Koku? Ulikaa ukapima, ukaona afadhali nikuone mshenzi kuliko kusikia sharti la padri? Mimi mtoto? Ningekasirika, ndiyo. Ningesema maneno. Ningekununia wiki mbili, halafu ningevaa gauni langu la bluu nikae benchi la nyuma kanisani, na ukumbini ningecheza mpaka viatu vikatike. Ulinijua vizuri kuliko mtu yeyote na bado ulinikosea hesabu. Na kosa ni sentensi yangu mwenyewe. Nilikutisha, ukatishika. Nilikuwa sina habari kwamba maneno yangu unayaweka akiba, wewe uliyekuwa unacheka kila kitu.

Nilitaka kukufungua humo ndani nikutikise.

Kule Muleba wanachuo wenzetu walinichagua mimi kutoa salamu zao. "Zuhura ndiye rafiki yake." Nikasimama chini ya turubai. Nikasimulia senene, nikasimulia kaunta buku, watu wakacheka huku wanalia, mwisho nikaimba ubeti mmoja wa Kifilipino mbele ya jeneza, sauti ya juu peke yake. Ile miaka tisa sikuitaja. Nilikuwa nimeshayajua yote, saa chache tu zimepita, na sikusema. Mama yako akanikumbatia mbele ya watu, akaniambia, "Asante mwanangu. Hukumwacha mwenzio."

Nilijua unaumwa, Koku. Taarifa iliwekwa kwenye kundi letu la simu kwamba umelazwa hapahapa Mwanza. Niliweka vile vikono vya kuomba, basi. Ni mwendo wa bodaboda moja kutoka shuleni kwangu.

Mambo yaliyobadilika: daraja limefunguliwa. Kigongo mpaka Busisi ni kufumba na kufumbua, foleni hakuna. Ungekuwa hai ningekosa kisingizio cha kutokuja kwako. Mumeo na watoto wako salama. Ba be bi bo bu bado naifundisha, kwa sauti ileile. Na mama yako ananipigia kila Ijumaa mchana, anauliza habari zako, na mimi, astaghfirullah, nimeanza kumtungia. Nimemwambia tulikula samaki pamoja mwaka jana. Nimemwambia ulinisimulia ndoto. Anafurahi, anataka nyingine. Wiki iliyopita aliniuliza, "Alikuwa ananisema nini mimi mama yake?" Nikamtungia hata hilo.

Sasa nikueleze jambo ambalo hata Editha hajui, maana mpaka hapa nimekugombeza wewe tu.

Mwaka nilioolewa mimi, ulisikia kwa watu. Wanachuo niliwaambia ni shughuli ya familia tu. Uongo. Uwanja wetu Mirongo ulijaa. Majirani Wakristo ndio waliomenya viazi na vitunguu tangu asubuhi, Mama Agnesi wa nyumba ya tatu ndiye aliyesimamia sufuria. Nimekaa mkekani, hina haijakauka, simu ikaita ujumbe. Wako. "Zu, nimesikia. Niko stendi hapa mjini. Nije nikumenyee viazi hata huko nyuma, sitakaa mbele." Niliusoma mara mbili. Nikamwambia mdogo wangu azime simu, mimi mikono ina hina.

Pembeni yangu mkekani hakukaa mtu. Niliacha nafasi wazi makusudi, ili nikukomoe wewe ambaye hukuwepo kuiona.

Nimekuwa nikisema wewe ndiye uliyevunja ahadi. Lakini wewe ulikatazwa, ukalia mpaka ukapewa maji. Mimi shehe hakunikataza. Mama hakunikataza. Mume wangu aliuliza, "Yule rafiki yako wa Muleba haji?"

Basi Jumamosi nitafika Kisesa, nitamwamkia mama yako, nitakaa chini, na kabla hajanipa chai nitamwambia yote, samaki na ndoto nilizotunga, mpaka ujumbe wa stendi. Akinifukuza, nitaondoka. Akilia, nitakaa. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na hii sikukuahidi tukiwa tunaanika nguo.

Lala salama, mwenzangu. Mungu wako na wangu akupe pumziko. Siku ile nilisema mikono ina hina. Hina ilikuwa imeshakauka, Koku.

Zuhura