Nimefungiwa Kuliombea Taifa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza nitangaze kwa huzuni kubwa kwa wananchi wote, hasa wa benchi la mbele: kuanzia Jumapili iliyopita mimi, fundi seremala, baba wa watoto watatu na kitambi kimoja, nimesimamishwa kuliombea taifa.

Kanisani kwetu kila Jumapili muumini mmoja huitwa mbele kuiombea nchi, na mimi sauti ninayo ingawa nywele zimenihama, sasa baada ya uchaguzi, ambao chama cha shemeji yangu kilishinda na changu kikaona cha mtema kuni, zamu ikanifikia nikaomba, "Ee Bwana, wafumbue macho waliodanganyika, hasa huyu mwenye koti la bluu," na mwenye koti ndiye shemeji, kaka wa mke wangu na fundi rangi wangu, mimi naunda makabati yeye anapaka, basi Jumapili iliyofuata naye akafumba macho, "Bwana, wape walioshindwa moyo wa kukubali, na makabati yao yawe imara kuliko hoja zao," watu wakaitikia amina mpaka madirisha yakatetemeka, nami nikadakia, "Bwana, usimsikilize huyo!", mchungaji akatufungia wote wawili, shemeji akabeba brashi zake akaondoka karakana, na kabati la mke wangu limesimama pale uchi, naye ananiambia, "Mnamfanya Mungu tarishi wa kubeba vijembe. Kabati nitangoja, lakini kaka yangu namtaka mezani kwangu." Mshauri, niache tu kuiombea nchi?

*Fundi, pole. Pole umeipata, sasa kaa vizuri.*

*Usiache! Nchi isiyoombewa ni kama nyumba isiyofagiwa: siku ya kwanza huoni kitu. Ila ulichofanya wewe ni mkutano wa kampeni uliofumba macho. Mtume alipoagiza tuwaombee wenye mamlaka, hakuongeza "mliowapigia kura". Ukimwombea kiongozi usiyempenda, anayeanza kulainika ni wewe, na hilo ndilo unaloliogopa.*

*Leo, kabla hujala, nenda kwa shemeji yako. Usimuulize alimchagua nani, muulize anaiogopea nini nchi hii. Kisha ombeni pamoja: wewe mwombee kiongozi wake, yeye amwombee wako. Kwa majina. Ukihisi kijembe kinapanda kooni, kohoa.*

Mpendwa mshauri, mambo yalivyokwenda kwa kweli ni hivi. Nilikwenda kwa shemeji nikijifanya naazima msasa. Nikamuuliza swali lako. Akatazama viganja vyake vyenye rangi, akasema, "Naogopa watoto wetu watakuja kususiana misiba kwa sababu ya kura."

Tukapiga magoti kati ya makopo ya rangi. Nikakohoa, nikakohoa, mpaka akanigonga mgongo: "Litaje tu jina, shemeji, halina miiba." Nikalitaja. Nikamwombea rais wake hekima na afya, na cha kushangaza, nikamaanisha. Alipofika kwa mgombea wangu, kikohozi kikamshika yeye. Nami nikamgonga mgongo, labda kwa nguvu kidogo.

Kuhusu kura bado hatuelewani, na mchungaji hajatufungulia. Lakini shemeji amekula kwetu, na kabati la dada yake limepakwa, linang'aa. Upande wa nyuma ameupaka rangi ya chama chake. Nimeusukumia ukutani, nikaitikia amina.