Pipa la Maji ya Mvua

Baba,

Tangu tukuzike sijui nianze kwa kukuombea au kwa kukuuliza. Nisamehe, maswali yamezidi dua.

Samaki wako wa manjano, kitatange, yu hai, lakini wenzake wawili wamekufa. Nilifuata yote uliyokuwa ukifanya, au ndivyo nilivyodhani. Kioo cha tangi lao nilisugua. Stima ikipotea, pampu ikinyamaza, nilikoroga maji kwa mkono. Maji yakipungua nilijaza kutoka kwenye mitungi ya maji ya bahari, ile uliyoletewa kwa treni kutoka Mombasa. Samaki wa baharini apewe nini kingine? Ziwa liko hapo chini, lakini maji yake yangemuua. Hilo nalijua. Mbona basi walizidi kuhema?

Mama ndiye aliyeonja. Mama huyohuyo aliyekutania kila siku, "Hii samaki hailiwi, haiuzwi, ni ya nini?" Alichovya kidole, akatema. Akaniuliza, mchuzi ukikauka unaongeza maji au chumvi? Nikaelewa. Maji hukauka, chumvi hubaki, nami nilikuwa naongeza chumvi juu ya chumvi.

Hapo nikakumbuka pipa lako la mvua na ulivyofoka mtu akilisogelea: "Hayo ya samaki!" Tulidhani ni mzaha. Siku ya matanga tulichemshia wageni chai mpaka likakauka.

Halafu kuna Shangazi. Alifika kutoka kwenu pwani umeshazikwa, akanilaumu: "Mtu wa bahari mmemlaza mbali na bahari." Tangu hapo sina raha. Hukusema unataka kulala wapi. Miaka yote hiyo ukifuga bahari sebuleni, Baba, ulikuwa unakumbuka kwenu, au kwenu palishakuwa hapa? Nakukasirikia kwa kutoniambia, kisha nalia.

Juzi mvua ilikuja kutoka upande wa Ahero, pipa likajaa. Nimepunguza maji ya samaki, naongeza ya mvua kikombe kimoja kimoja, polepole kama wewe. Leo kitatange amekula. Ni wa baharini, na mvua ya Kisumu ndiyo inayomweka hai. Sijui kama hilo ni jibu lako. Mimi nimelishika.

Lala salama, Baba. Pipa halitaguswa tena na mtu mwingine. Shangazi aliacha mtungi wa maji ya bahari nikumwagie kaburini, bado uko mlangoni. Ijumaa nikija, nitakuletea ya mvua.

Binti yako,
Zuhura