Mama na Sauti ya Kompyuta

Jumatano, Kibokoni, 1998

Nimechoka na simu. Tangu asubuhi naipigia kampuni ya ndege kuulizia ndege anayorudi nayo Baba, aliyekwenda Bombay kupasuliwa moyo, na kila mara hunijibu mashine. Ni sauti ya kike iliyotengenezwa kwa kompyuta, haivuti hata pumzi: "Tafadhali subiri."

Jioni Mama akanipokonya simu.

"Assalamu alaykum, mwanangu. Mume wangu ni mgonjwa. Akishuka mpatieni kiti, asisimamishwe foleni."

Akasikiliza, kisha akaiweka chini taratibu.

"Kasema nisubiri," akaniambia, uso umemkunjuka. "Yuwaonekana ana adabu."

Sikuweza kumwambia kwamba hakuna mtu aliyemsikia. Amekula, mara ya kwanza tangu jana, kisha akalala. Mimi nimeinua simu tena.