Mzigo Usiopenda Kutikiswa

Tarehe 4 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Habari za huko? Sisi wazima kwa kadiri yetu. Mama anakusalimu. Mkono wake wa kulia bado umelala na mguu unaburuzika, ila ulimi umerudi wote, na umerudi na hasira.

Naandika kwa sababu kwenye simu kila nikifika penye neno lenyewe mtandao wako unakatika. Karatasi haikatiki. Neno lenyewe ni hili: yule fundi wa meno wa mjini kwenu, anayetengeneza meno ya bandia, amekubali kunichukua nijifunze kazi. Nilimpelekea meno niliyochonga kwa nta ya mshumaa, akasema nina mkono. Ananishikia nafasi mpaka mwanzo wa Julai, baada ya hapo anamchukua mwingine. Wanaojifunza kwake wanalala chumba cha nyuma ya karakana, kwa hiyo hutapata usumbufu wangu.

Kaka, tangu Mama aanguke kwa kiharusi sijatoka humu ndani zaidi ya muda wa kununua nyanya. Nikienda narudi mbio kama nimeiba. Dirisha letu unalijua, linatazama ukuta wa jirani. Nampenda Mama, hilo usinifanye nilirudie, lakini ninaishi kama kitu kilichosahauliwa stoo. Mchukue Mama, au uje ukae naye. Nakuomba.

Mdogo wako

*

Tarehe 21 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara nyingi. Hongera kwa habari ya meno, sikujua una kipaji hicho. Mimi mzima, ila misuli ya mapaja inauma. Klabu yetu ya baiskeli imeanza mazoezi ya milima kila asubuhi kabla sijaingia dukani.

Kuhusu Mama nimefikiri sana. Kupanda basi hawezi. Unakumbuka siku ya hospitali alivyoteleza kwenye ngazi huku kondakta anapiga kelele "twende, twende". Sitaki yale yajirudie. Na mimi kutoka kazini ndiyo usiseme, duka limejaa baiskeli za watu hadi darini. Tuvute subira kidogo.

Ila sikukuacha hivi hivi. Basi la Jumamosi litakuletea baiskeli. Nimeichagua mwenyewe na kuifunga mwenyewe: fremu imeshuka katikati ili upande bila kuhangaika na gauni, gia saba nyuma, matairi mapana ya kumeza mashimo, na keria inayobeba gunia la mahindi. Sokoni utakwenda na kurudi Mama hajamaliza hata kulalamika.

Kabla ya yote, rekebisha kiti. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukija kukanyaga kwa mbele ya wayo, kama inavyotakiwa, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Watu wanashusha kiti kwa woga, halafu wanalia magoti.

Kaka yako

*

Tarehe 16 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini mapaja yamepona.

Nilikuomba mtu, ukaleta baiskeli. Asante. Ni nzuri, na jirani yetu Redio ameshautangazia mtaa mzima kwamba kaka yangu ananipenda.

Nimejifunzia uani, Mama akiwa kwenye kiti chake mlangoni kama refa. Ua wenyewe unaujua, ukimaliza kupanda umeshafika ukutani. Mara ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwenye bomba la maji. Nilikuwa nalitazama, nasema moyoni nisiligonge, nikaligonga. Mama alicheka mpaka nikaogopa atapaliwa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu aanguke, na mimi nikacheka chini pale pale, goti linavuja damu.

Sasa nakwambia jambo ambalo hutalipenda. Baiskeli yako imenifunga zaidi. Zamani nilikuwa na ile njia ya kwenda sokoni kwa miguu. Ilikuwa yangu peke yangu, nikiwaza meno yangu, hakuna anayeniita. Sasa nafika na kurudi kabla sijawaza kitu. Na kwa kuwa nina baiskeli, Redio ananituma mkaa, mama wa kona ananituma dawa, na kila mmoja anasema "wewe kwako ni dakika moja tu." Mmenifanya mfungwa mwenye kasi.

Hukujibu habari ya Julai.

Mdogo wako

*

Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole na goti. Hapa mvua, mazoezi ni ndani kwa ndani.

Nilicheka sana habari ya bomba, maana hata mimi nilianza hivyo hivyo. Baiskeli inakwenda macho yanakokwenda. Ukiona shimo, usilitazame shimo, tazama pale pembeni unapotaka kupita, na mikono itafuata yenyewe. Usikaze mabega. Viwiko vilegee, usukani uushike kama unavyomshika mtoto mkono kuvuka barabara.

Halafu gia. Nina hakika unabadilisha ukiwa umeshafika katikati ya mlima, mnyororo unapiga kelele. Badilisha mapema, chini, wakati miguu bado myepesi. Nyuma chagua gurudumu kubwa la meno, uzungushe haraka kwa nguvu kidogo. Kukanyaga kwa nguvu nyingi polepole ni sifa tu, hakuna faida. (Umeona? Hata baiskeli ina meno!)

Habari ya Julai tutaongea. Kuna mashindano mwishoni mwa Juni, akili yangu yote iko huko. Msalimie sana Mama.

Kaka yako

*

Tarehe 5 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sisi tupo. Mama ameanza kusimama akishikilia meza, ingawa kukaa kwenye kiti kisicho na mgongo hawezi, anapinda upande kama mti uliochoka.

Kiti nimekipandisha, na umesema kweli, magoti yametulia. Kushoto nageuka vizuri, kulia bado naogopa. Kila alfajiri Redio anakaa na Mama, nami nakwenda hadi darajani na kurudi. Nilimwambia ni mazoezi, akatangaza kwamba nitashindana nawe.

Nina maswali ya fundi. Nataka kubeba mzigo mzito kwenye keria, mzigo mrefu kwenda juu, usiopenda kutikiswa, na mwenye mzigo ni mtu wa maneno. Njia ni ndefu, ina lami kisha vumbi kisha lami, na mlima mmoja mkubwa wenye kona wakati wa kushuka. Tairi nijaze upepo kiasi gani? Breki je? Na nikiuchomelea mzigo fremu ya kuuegemeza, keria itahimili?

Habari ya Julai sikuulizi tena.

Mdogo wako

*

Tarehe 27 Mei

Mdogo wangu, biashara hiyo!

Marahaba kubwa. Kumbe umeanza kusafirisha mizigo! Ni nini, mayai? Vioo? Nilijua tu utatulia. Nimefurahi sana, nimewasomea wenzangu dukani barua yako, wote wanasema dada huyo anauliza kama bingwa.

Haya, sikiliza. Tairi la nyuma lijaze ligome ukilibonyeza kwa gumba, la mbele liwe laini kidogo. Fremu ya kuegemeza ichomelewe kwenye chuma cha keria, na miguu yake ifike karibu na ekseli, isining'inie juu tu. Uzito ukae chini na mbele, karibu na mgongo wako, usikae kwenye ncha ya nyuma, maana mbele itakuwa nyepesi na usukani utacheza. Funga mzigo sehemu mbili, chini na kifuani, yaani katikati. Kuhusu spoki za nyuma, nakutumia gurudumu jingine lenye spoki nene, limetoka leo na basi.

Kushuka ndiko kunakoua. Usingoje kona. Punguza mwendo kabla yake, breki zote mbili, ukizibana taratibu na kuziachia, kisha ingia konani ukiwa umeshatulia. Ukibana ya mbele peke yake kwa ghafla, mzigo utakurukia mgongoni. Kupanda, usione aibu, shuka usukume.

Jizoeze kwanza na gunia la mchanga. Na usafiri mwema na mayai yako!

Kaka yako

*

Tarehe 28 Juni

Kaka,

Shikamoo. Barua hii umeikuta mezani kwako, na Mama umemkuta kitandani kwako. Mama mwenye nyumba amenifungulia na amekaa naye mpaka urudi kwenye mashindano. Natumaini umeshinda.

Usinikasirikie kwanza. Wazo ni lake. Nilipomsomea ile barua yako ya keria kubeba gunia la mahindi, akasema, "Mimi sifikii gunia la mahindi." Nilidhani anatania. Alikuwa akinitazama.

Fundi wa kuchomelea alitengeneza kiti chenye mgongo na mahali pa kuweka miguu. Tulijaribu na mchanga, kisha na Redio, ambaye alipiga mayowe mpaka mtaa mzima ukatoka. Njiani tulilala kwa shangazi. Mlimani nilishuka nikasukuma, Mama nyuma anasema "gia, gia" kama yeye ndiye anayesukuma. Kwenye kona nilifanya ulivyoniambia. Niliogopa sana, Kaka. Alikuwa ameniegemea mgongoni na nilimsikia akipumua. Kisha ikafika lami, upepo ukatupiga usoni, akaanza kuimba. Hajaharibika popote.

Sasa na mimi nikufundishe. Kumwinua, usimvute mkono wa kulia, bega litatoka. Mweke ukingoni mwa kitanda, goti lako mbele ya goti lake bovu, mshike kiunoni, mwambie ainame mbele kwanza, kisha ndiyo asimame. Ukimvuta juu moja kwa moja mtaanguka wote. Mlishe upande wa kushoto, kulia chakula kinabaki shavuni. Mgeuze usiku, hata akisema hataki. Akisema hataki kuoga, anadanganya, anaona haya tu. Mwekee shuka, utazame pembeni, uendelee.

Mimi naingia kwa fundi wa meno leo hii. Nalia ninavyoandika, lakini ninaingia.

Mdogo wako

*

Tarehe 13 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Nimeambiwa nilete barua kwenye karakana, na kwamba umekataa kuitwa mlangoni. Sawa.

Siku ya kwanza nilikasirika. Niliwaambia dukani umenitupia Mama. Kisha nilijaribu kumwinua kama ninavyoinua baiskeli, tukaanguka wote wawili chini, na nikakaa pale sakafuni nimemshika, sijui nianzie wapi. Nikaenda kuichukua barua yako mezani nikaisoma upya, mstari kwa mstari, yeye akiwa chini ananingoja.

Klabu nimeacha. Asubuhi wanapita dirishani nikiwa nimeshika beseni, nasikia minyororo inavyozunguka, na najificha nyuma ya pazia wasinione. Mchana namwacha na mama mwenye nyumba, narudi mbio. Jana nilirudi na nyanya mkononi nikagundua sikumbuki njia niliyopita. Hiki ndicho ulichokuwa unaniandikia, na mimi nakujibu habari za gia. Nilikuwa naona. Nilikuwa nimetia pamba masikioni makusudi, kwa sababu nilijua zamu ni yangu. Nisamehe.

Lakini siwezi, mdogo wangu. Nakwambia kweli, sina mkono wako. Kuta zinanibana. Njoo hata Jumapili moja, nitoke nikapande baiskeli hadi daraja la huku mjini tu, nirudi. Njoo, tafadhali.

Kaka yako

Mama amenisikia nikijisomea kwa sauti. Amenilazimisha niongeze maneno yake kama alivyoyasema, na amenikodolea macho mpaka niandike: "Binti yangu, usije bado. Ukija ataacha kujifunza."