Pai Iliyorudi Nzima

Mshauri mpendwa, nimezoea kusoma safu yako nikicheka shida za wenzangu, leo zamu imenifikia mimi, naomba unisaidie kabla nyumba yangu haijagawanyika.

Mimi ni mke wa mkulima wa mahindi hapa Kettle Fork, Nebraska, na binti yetu Marit ni wakili wa umma, yaani serikali ndiyo inayomlipa awatetee watu wasio na uwezo wa kuweka wakili, na tangu aanze kazi hiyo mahakamani kwetu nilikuwa natembea kifua mbele, mpaka ukumbi wa maveterani, wanajeshi wetu wastaafu, ulipoungua. Ukumbi ule ndimo tulimofanyia harusi zetu na matanga yetu, ndimo Marit alimoshinda shindano la kuhotubu kuhusu katiba akiwa bado shuleni, mji mzima ukasimama kumpigia makofi, na mume wangu Leland akalibeba kombe kifuani mpaka kwenye gari kama mtoto mchanga, akilia njia nzima hadi nyumbani, na mpaka leo liko juu ya friji. Basi wakamkamata Cody Strand, mtu asiye na kazi wala rafiki, ndiye aliyechoma ukumbi wetu, akakiri, tukashusha pumzi, halafu kesi akapewa nani? Marit wangu.

Sasa Marit amemwomba jaji alitupilie mbali lile ungamo, kwa sababu anasema Cody aliomba wakili kabla hajatamka lolote, na mkuu wa polisi wetu, Dwight, akaendelea kumbana kwa maswali mpaka akakiri, na huyo Dwight ni rafiki wa Leland tangu utotoni, kila mwaka wanawinda kulungu pamoja, kwa hiyo ni kama binti amemvua nguo baba yake mdogo hadharani.

Jumapili iliyopita tulikuwa na chakula cha pamoja kanisani, kila mtu na bakuli lake, na pai yangu ya matufaha, ambayo siku zote huisha kabla ya kuku, ilirudi nyumbani nzima, haikuguswa hata kwa ncha ya uma, na hakuna aliyenitamkia neno baya, waliniuliza tu habari za mvua. Nilipokwenda saluni nikajitetea kwamba jaji ndiye aliyemtwisha Marit kesi ile, yeye mwenyewe haipendi, maneno yakamfikia, akaja mpaka jikoni kwangu, hakuketi, akasema, "Mama, usiniombee radhi mjini. Sijamkosea mtu."

Leland naye si mtu mbaya, katiba anaipenda, hata kofia yake ya kuwindia imeandikwa kwamba haki yake ya bunduki isiguswe, lakini juzi mezani aliniambia, "Wiki ijayo jaji anasikiliza lile ombi. Mimi na wewe tutakaa nyuma ya Dwight, watu watuone. Na huyo binti yako asipoacha upuuzi, Sikukuu ya Shukrani akatafute bata mzinga wa kwake."

Mshauri, nikutolee la moyoni. Siku moja nilijipenyeza mahakamani bila Marit kujua, nikamwona amesimama kando ya mzee mmoja anayetetemeka, amemshika bega, na jaji anamsikiliza yeye, nikaukumbatia mkoba wangu nisije nikapiga makofi. Najivunia mtoto huyu mpaka naumwa. Lakini Leland ni mume wangu, na mji huu ndio mji nilio nao. Siku hiyo nikae wapi?

Mama Aliyebanwa, Kettle Fork

*

Mama Marit,

Pole. Kurudishiwa pai nzima si jambo dogo, hapo umechapwa kofi bila mtu kuinua mkono. Nimekuonea uchungu. Sasa tulia nikuseme.

Umeandika kwamba Cody "ndiye aliyechoma". Nani kakwambia? Ni lile lile ungamo linalobishaniwa. Kesi yenyewe haijasikilizwa, nawe umeshahukumu kwenye barua. Na hata kama ndiye, aliposema anataka wakili, Dwight alitakiwa kufunga mdomo na kuinua simu. Hiyo si hila ya binti yako, ni sheria, na Dwight aliapa kuilinda. Kama ana ushahidi mwingine, aulete mezani. Kama hana, basi alimfunga mtu kwa maneno aliyomkamua, na kesho atakayekamuliwa huenda ni wewe.

Mumeo katiba anaila kama chakula cha kanisani: anajipakulia anachokipenda, kingine anakiacha mezani. Haki ya bunduki, sahani imejaa. Haki ya Cody kuwa na wakili, hiyo hataki hata kuionja. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nanyi watu wa Kettle Fork mnanichekesha. Mnawapandisha watoto jukwaani waikariri katiba, mnawapigia makofi, mnawapa kombe, mnakula keki, mnarudi kulala. Kumbe mmoja aliamini kwamba hamkuwa mkitania. Mama, wenzako wanalilia watoto walioharibika, wewe unalia kwa kuwa wako ametengenea?

Acha kumwombea radhi, kuanzia leo. Wakikuuliza saluni, jibu kwa sauti kwamba kazi hiyo ameichagua mwenyewe na anaiweza. Usimuulize kama Cody ana hatia, hiyo ni siri ya mteja wake, hawezi kukujibu, utamtesa bure. Jumapili oka pai nyingine, iweke mezani, kata kipande cha kwanza ukile mbele yao. Wana haki ya kutokula, nawe una haki ya kushiba.

Siku ya mahakama kaa nyuma ya Marit, benchi la kwanza, si pale mlangoni kama mtu anayejikinga na mvua. Leland akitaka kukaa nyuma ya Dwight, akae, usigombane naye. Akigeuza shingo atakuona ulipo, na hilo litamsumbua kuliko maneno yako.

Na Sikukuu ya Shukrani, Marit anakula kwenu. Bata mzinga unampika wewe, Leland kazi yake ni kumkata tu. Lishushe lile kombe juu ya friji, lifute vumbi, liweke mezani mbele ya kiti cha binti yako. Leland akiuliza linafanya nini hapo, mwambie umemsahau aliyelileta nyumbani, ila unakumbuka alilia njia nzima.